Chupa na Kifuniko Chake Si Nasaba Moja

Mwezi wa Ramadhani unapomalizika na Idi ikasaliwa, hubaki nyuma ya misikiti yetu kitu ambacho hakuna akipigiaye picha. Mwezi mzima tumefuturishana kwa maji ya chupa, sharubati katika vikombe vya kutupa, viazi karai katika vibakuli vyepesi vyenye vifuniko. Na kila kimoja katika hivyo hufanya kazi dakika kumi, kisha huwa taka. Hitima nazo ni hivyo hivyo, na arusi, na maulidi. Tunayaandika haya si kwa kuwalaumu wengine. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukiagiza makatoni.

Mwaka mmoja, baada ya Idi, tulijikuta na magunia kumi na saba ya taka hizo nyuma ya madrasa yetu huku Kisauni. Mbele ya madrasa nako tulikuwa na uwanja ambao kila masika hugeuka tope, watoto wakaingia darasani wamechafuka hadi magotini. Tukaona mambo mawili haya yanaweza kutibiana. Tulikuwa tumesikia habari za Bi Nzambi Matee wa Nairobi, ambaye kiwanda chake, Gjenge Makers, hutengeneza kabro za kutandika chini kwa plastiki iliyotumika na mchanga, na ambaye mwaka 2020 alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Tukasema: ikiwa Nairobi wameweza, Kisauni tumepungukiwa na nini?

Tulipungukiwa na elimu, ila hilo hatukulijua bado.

Baada ya sala ya Isha tukatangaza: leteni plastiki, yoyote ile. Watu wakaitikia kwa moyo mkunjufu. Zikaja chupa na vifuniko vyake, ndoo zilizopasuka, mabeseni, viti vilivyovunjika miguu, mabomba ya maji mabovu, kandambili, mifuko ya mkate, hata sahani za melamini zilizomeguka ukingo. Tukakata pipa la chuma nusu, tukalitegemeza juu ya mawe matatu, tukawasha kuni, na vijana wa darasa la juu wakashika nondo za kukorogea.

Baadhi ya vitu viliyeyuka upesi vikawa kama uji. Vingine vilielea ndani ya uji huo vikiwa vizima, mfano wa vipande vya muhogo. Sahani za melamini hazikuyeyuka kabisa. Zilibabuka, zikaungua, zikanuka. Na tulipotia mabomba, ukapanda moshi uliotukaba koo sote. Kijana mmoja wa miaka kumi na minne, aliyekuwa upande wa upepo, akashikwa na kikohozi, kisha akatapika. Usiku ule tulikuwa naye hospitalini hadi alfajiri. Mamake aliketi mkabala nasi, hakusema neno lolote, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko kusemwa. Alhamdulillahi, kijana alipona.

Na kabro zenyewe? Tulipata kama sitini, nyeusi, za kupendeza machoni. Tukazitandika mlangoni. Siku ya tano ukapita juu yake mkokoteni wa maji, zikaachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kukunja.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja kutaka kununua magunia yaliyosalia. Ni mtu aliyeishi kwa kuokota: kwanza katika jaa la Kibarani, kule njia ya Changamwe, mpaka lilipofungwa na mahali pake pakapandwa miti, na sasa yuko Mwakirunge, huku huku Kisauni. Akaokota kipande cha kabro yetu, akakitazama ubavuni kama muuza vitambaa atazamavyo upindo.

“Maalim,” akasema, “hapa mmepika biriani, uji na lami katika sufuria moja. Mlitaraji mpakue nini?”

Tukamjibu kwamba plastiki ni plastiki. Akacheka kwa adabu, mdomo ameufunika kwa ncha ya leso. “Hata samaki ni samaki, Maalim, lakini papa hapikwi kama changu.”

Kisha akakaa juu ya gunia, akaanza kutuonyesha. Hiki akikikunja hubaki na mstari mweupe. Kile hurudi kama kilivyokuwa. Hiki akikibonyeza hulia kwa mkwaruzo. Kile hakina sauti. Mikono yake ilikuwa ikipanga mafungu matano mbele yetu huku mazungumzo yakiendelea, wala hakuwa akitazama. Sisi tumesoma vitabu miaka mingi, na siku ile tulisomeshwa juu ya gunia.

Tangu hapo tumejisomea na kuwauliza wajuao, na tunapenda wasomaji wetu, hasa akina mama ambao kila kitu cha nyumbani hupita mikononi mwao, wayajue haya kabla hawajaambiwa na mtu mwingine kwamba “plastiki yoyote ile” yafaa.

Plastiki zote ni minyororo. Ichukue tasbihi mkononi: punje tisini na tisa zimetungwa uzi mmoja. Sasa fikiri tasbihi yenye maelfu ya punje, ila punje zenyewe ni chembe ndogo mno zisizoonekana, zitokanazo na mafuta ya petroli au gesi. Mnyororo wa namna hiyo huitwa polima. Aina ya punje, na jinsi zilivyopangwa, ndiyo nasaba ya plastiki. Punje za ethilini hutoa poliethilini, iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1933 na wanakemia wa Uingereza waliokuwa wakitafuta jambo jingine. Ile laini ndiyo mfuko wa mkate. Ile ngumu ndiyo mtungi wa mafuta ya kupikia. Punje za propilini hutoa polipropilini: kiti cha plastiki, kibakuli cha kubebea chakula, kamba ya manila. Chupa ya maji na soda ni ya nasaba nyingine, iitwayo PET, na mabomba ya maji mengi ni PVC.

Katika hizo zote kuna makundi makubwa mawili. La kwanza ni zile ambazo moto huzilainisha na ubaridi huzigandisha tena, mfano wa mafuta ya nazi ambayo hugandia chupani asubuhi za baridi za Julai, kisha jua likipanda yakayeyuka, na yanaweza kufanya hivyo mara nyingi. Hizi huitwa themoplastiki, na hizi pekee ndizo zinazoweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. La pili ni mfano wa yai: likishachemshwa hakuna moto utakaolirudisha kuwa ute. Sahani za melamini ni za kundi hili, na mipini mingi ya sufuria, na vifuniko vingi vya swichi za taa. Ukivitia motoni utavichoma tu.

Ndani ya kundi la kwanza nako hakuna usawa. Poliethilini laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, ile ngumu kwenye 130, polipropilini kwenye 160, na PET haiyeyuki mpaka moto upite 250. Basi tazama tulilolifanya. Moto uliotosha mifuko ya mkate uliziacha chupa zikiwa mabonge ndani ya uji. Na tulipouchochea ili chupa ziyeyuke, vingine vikaanza kuungua. PVC ni mbaya kuliko zote, kwani moto ukiizidi huvunjika na kutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, nayo ni asidi ile ile inayotiwa katika dawa nyingi za kusafishia vyoo. Hiyo ndiyo aliyoivuta yule kijana wetu.

Mtu anaweza kusema: basi tuyeyushe zile mbili tu zinazokaribiana, poliethilini na polipropilini, tuzikoroge sana. Nasi tulidhani hivyo. Lakini hata hizo, ambazo ni kama ndugu wa baba mmoja, hazichanganyiki. Zikorogwe vipi, moja hujikusanya matone matone ndani ya nyingine kama mafuta ndani ya maji, na zikipoa, mpaka baina ya tone na tone huwa ndipo mahali pa kuvunjikia. Chembe fupi huchanganyika kwa urahisi kwa kusukumana huku na huku. Minyororo mirefu haiwezi. Kila mmoja hubaki na wenziwe. Ndiyo sababu kabro zetu ziliachana tabaka kwa tabaka.

Mshona mkeka atalielewa jambo hili kuliko wengi. Kili mbili ukizilaza ubavu kwa ubavu hazishikani, hata uzikandamize kutwa. Huzishika mshono, yaani uzi unaopita ndani ya huu na ndani ya ule. Wenye viwanda nao wana mishono yao: polima maalumu za kuunganishia, ambazo upande mmoja hukubaliana na plastiki hii na upande wa pili hukubaliana na ile. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Minnesota, Marekani, walitangaza mnyororo wa aina hiyo, kipande cha poliethilini kikifuatwa na kipande cha polipropilini, kisha tena na tena. Kiasi kidogo tu katika mia kilitosha kuufanya mchanganyiko uliokuwa ukikatika kama biskuti uwe mgumu na wenye kuvutika. Ni elimu kubwa, na mwenye mtoto anayependa kemia amweleze. Lakini mshono huo hauuzwi katika duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, na hata ungeuzwa, hauwezi kuokoa pipa lenye kandambili, mabomba na melamini.

Basi hubaki njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kutozichanganya tangu mwanzo. Hilo halifanywi kiwandani wala jaani. Hufanywa jikoni, kabla ya chupa kukutana na maganda ya ndizi.

Jaribuni hili na watoto wenu. Chukueni chupa tupu ya maji. Kateni kipande cha kiwiliwili chake, kadiri ya ukucha, na kipande cha kifuniko. Vitieni katika bakuli la maji yenye tone la sabuni, mvibonyeze vyote viloe, kisha mviachie. Cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. PET ya ujazo huo huo huwa kilo moja na gramu 380 hivi, lakini kifuniko ni polipropilini au poliethilini ngumu, ambazo hazifikii kilo. Chupa na kifuniko chake vimeuzwa pamoja, vimenunuliwa pamoja, vimetupwa pamoja, na bado si nasaba moja. Na ile karatasi ya jina iliyozunguka chupa, aghalabu nayo ni plastiki ya tatu. Hata viwanda vikubwa hutumia mabirika ya maji kwa kutenganisha namna hii.

Maji lakini hayawezi kutenga poliethilini na polipropilini, kwa kuwa zote mbili huelea. Hapo geuzeni chombo mtazame kitako chake. Huwa pana pembetatu ndogo yenye namba ndani, alama zilizoanzia Marekani mwaka 1988. Moja ni PET. Mbili ni poliethilini ngumu na nne ile laini. Tano ni polipropilini. Sita ni polistairini, ambayo huvunjika kwa kulia. Tatu ni PVC, na hiyo muiogope. Saba ni mchanganyiko wa zilizobaki. Msidanganyike kwamba namba hiyo ni ahadi ya kurejelewa. Ni nasaba tu, kama jina la ukoo kwenye kitambulisho.

Kuna mfuko mmoja ambao umewadanganya wengi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, ilikuja sokoni mifuko mingine yenye sura ya kitambaa, nasi tukaipokea kwa furaha tukidhani ni nguo. Mingi ni polipropilini. Ikichakaa, kwayo ni tano, si vitambaa vya kusugulia.

Faida ya kutenga ni ipi? Nchi yetu haina kiwanda cha kutengeneza polima kutoka mafuta. Kile kiwanda cha Changamwe kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi hadi mwaka 2013 kilitoa petroli, dizeli na jamaa zake. Punje za plastiki mpya huingia kwa meli. Kwa hiyo fungu safi la nasaba moja ni mali, kwa sababu hushika nafasi ya kitu cha kununuliwa ng'ambo. Fungu lililochanganywa ni mzigo, kwa sababu yuko mtu atakayelipwa kulipembua, au hakuna atakayelitaka. Vipande vichache vya PVC katika PET vyatosha kuharibu kundi zima. Rangi zikichanganyika, matokeo huwa kijivu au nyeusi, na hiyo ni sababu moja ya kuona ndoo na mabeseni ya bei nafuu ni meusi. Tena kila plastiki inapoyeyushwa, minyororo yake hukatika ikapungua urefu, na ndipo kiwandani huongezwa punje mpya ili chombo kisiwe dhaifu. Hakuna miujiza hapa. Hata dhahabu ya sonara hupungua kidogo.

Na anayepembua leo ni nani? Ni yule mama na wenziwe, Mwakirunge na Shonda ya Likoni, wameinama juani, mikono mitupu, wakitoa chupa katika nepi za watoto wetu. Kisha humuuzia mnunuzi wa skrepu kwa kilo, naye humuuzia mwingine, na bei hupanda katika kila mkono isipokuwa ule wa kwanza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Tukifanya hilo peke yake, tutakuwa tumemwondolea mama yule uchafu tuliomtwika sisi. Tumekuwa tukiwafundisha watoto kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, kisha tukauhamishia udhia huo mlangoni kwa mtu mwingine.

Haya hayamaanishi kwamba plastiki chakavu haina heshima. Huko Lamu, tarehe 15 Septemba 2018, ilishushwa majini dau iitwayo Flipflopi, iliyojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki zilizookotwa, ubavuni imevikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Fundi mkuu wake alikuwa Ali Skanda, wa ukoo wa mafundi wa huko huko. Mkuku, mataruma na mbao vilifinyangwa kwa plastiki, kisha vikachongwa na kuungwa kwa ufundi ule ule wa majahazi tulioukuta kwa wazee. Mapema mwaka 2019 ikasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Tuliifikiria sana dau hiyo tulipokuwa tukifagia vipande vya kabro zetu. Vifaa vilikuwa karibu ni vile vile. Ila kule palikuwa na watu waliojaribu na kukosea na kujaribu tena mpaka wakajua kila plastiki tabia yake, nasi tulikuwa na pipa na haraka.

Jambo moja tungeomba lisingoje. Yako majumba ambayo jiko la makaa huwashwa kwa kipande cha mfuko au mtungi, kwa kuwa hushika moto upesi. Moshi ule huingia kifuani mwa anayepuliza, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pamoja naye. Ganda la nazi, kumbi, karatasi; vyote hivyo vyawasha. Na mitungi iliyowahi kutiwa dawa za viwandani isitiwe maji ya kunywa, hata ioshwe mara saba.

Sisi siku hizi hatuyeyushi kitu. Nyuma ya madrasa kuna kibanda chenye magunia manne: chupa, vifuniko na mitungi, namba tano, na mifuko laini. Watoto huja na vyao siku ya Jumamosi, na wale wadogo hushindana kugeuza vitako na kusoma namba kwa sauti. Yule mama huja kununua, hupima mbele yetu, na fungu lililo safi hulilipia zaidi. Siku akikuta bomba ndani ya gunia la chupa hulitoa, akaliweka juu ya meza yetu bila kusema kitu. Fedha hizo hununua kabro za saruji, za kawaida kabisa, na mpaka sasa safu kumi na moja zimetandikwa kutoka mlangoni. Sehemu iliyobaki ni tope kama zamani. Ufunguo wa kibanda anao mamake yule kijana. Aliuomba mwenyewe, nasi hatukumuuliza sababu.